Watoto wa kambale: kwa nini wanakufa wiki ya kwanza, na chakula gani kinaweza kuwaokoa

Katika uwanda wa Ruzizi, kuanzia Uvira hadi Kamanyola, na hata kule juu Kabare na Walungu, watu wanaendelea kuchimba mabwawa ya samaki, yale ambayo wengi wanaita etangi. Sababu zinaeleweka. Samaki wa ziwa anapungua, bei yake inapanda, na kila familia inatafuta kitu cha kutia ku sahani na kitu cha kulipia masomo ya watoto. Mara nyingi mfugaji anaanza na tilapia. Kisha anaona kambale: anakua haraka, anavumilia maji yenye hewa kidogo, na anaweza kufika sokoni akiwa bado mzima. Mfugaji anataka kambale.

Matatizo yanaanza hapo. Tilapia anazaa mwenyewe ndani ya bwawa, hata mfugaji akiwa amelala. Kambale, hapana. Kwa asili yake anangoja mvua kubwa na maji yanayofurika majanini ndipo anataga. Katika bwawa lililotulia anaweza kubeba mayai mwaka mzima bila kuyatoa. Kwa hiyo mfugaji anabaki na njia mbili: kununua watoto wa samaki, wale wanaoitwa alevini, ao kutagisha jike kwa kumpiga sindano ya homoni na kuangulia mayai ndani ya basani.

Njia ya pili inaleta matumaini mengi. Gramu moja ya mayai ya kambale iko na mayai 600 hadi 700. Jike anayetoa gramu 100 ametoa mayai zaidi ya 60.000 kwa siku moja. Baada ya siku moja ao mbili basani inajaa vitu vidogo kama nyuzi nyeusi vinavyocheza. Mfugaji anahesabu pesa kichwani. Lakini ikifika siku ya tano ao ya sita, chini ya basani kunakuwa kweupe. Ikifika siku ya kumi, waliobaki wanaweza kuhesabiwa kwa mkono.

Wengine wanasema ni jicho baya la jirani. Wengine wanasema dawa ya sindano ilikuwa mbovu. Mara zingine ni maji machafu kweli. Lakini sababu inayorudi mara nyingi ni moja: watoto wamekufa njaa mbele ya chakula kingi. Wamepewa unga ambao mwili wao haujaweza kuutumia.

Akiba ya siku tatu

Mtoto wa kambale anapotoka katika yai, anabeba chakula chake chini ya tumbo. Ni kifuko kidogo cha kiini cha yai. Kwa siku mbili ao tatu za kwanza hahitaji kulishwa. Mdomo wake bado unajengwa. Analala chini pamoja na wenzake, anajificha penye giza, na kifuko kinapungua kila saa.

Siku ya tatu hivi, akiba imekwisha. Mdomo umefunguka na mtoto anaanza kuogelea akitafuta. Sasa anahitaji kula, lakini tumbo lenyewe, ile sehemu inayomwaga asidi ya kulainisha chakula kama kwa samaki mkubwa, haijakamilika. Iko na utumbo mfupi tu. Tumbo linaanza kufanya kazi yake sawasawa baada ya siku tano hivi za kula.

Ile provende ya kununua ao unga wa mahindi ukitupwa ndani ya basani wakati huu, mambo mawili yanatokea. Mtoto anaumeza kidogo na hapati nguvu ndani yake. Unga uliobaki unaanguka chini, unaoza, na kumaliza hewa iliyo ndani ya maji. Wengi hawajui pia kwamba kile kiungo kinachomsaidia kambale mkubwa kuvuta hewa ya juu hakiko tayari kwa mtoto. Kinaanza kazi baada ya wiki mbili ao tatu. Kambale mzee anaishi ndani ya matope. Mtoto wake anahitaji maji safi.

Chakula kinachofaa siku hizo ni kile ambacho mtoto wa kambale angekipata mwenyewe majanini wakati wa mafuriko: vidudu vidogo vizima vinavyoogelea. Vinatembea, kwa hiyo mtoto anaviona na kuvisikia. Ni laini na vimejaa maji, kwa hiyo utumbo mfupi unavishinda. Na visipoliwa mara moja vinaendelea kuishi, maji hayaozi.

Kila samaki na namna yake

Samaki hawalei watoto kwa namna moja. Tilapia jike anaweka mayai na watoto ndani ya mdomo wake. Wakitoka, wanakuta maji ya kijani yaliyojaa mimea midogo na vidudu, na wanaanza kula humo. Ndiyo sababu mfugaji wa tilapia hajui shida hii.

Kuna samaki mwingine wa mbali, diskusi, anayetoka bonde la mto Amazon huko Amerika ya Kusini. Ni wa ukoo mmoja na tilapia na pia na samaki wengi wa mawe wa ziwa Tanganyika. Ni mviringo kama sahani, na watu wa Ulaya na Asia wanamfuga ndani ya vioo kwa uzuri wake. Diskusi baba na mama wote wawili wanatoa ute ku ngozi yao, na watoto wanakula ute huo siku za mwanzo, wakiwa wamejipanga ubavuni kama watoto wanaonyonya. Baadaye wafugaji wanawapa vidudu vizima. Wakikua, wengi wanawatengenezea chakula cha nyumbani: moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta yote, ukasagwa pamoja na kamba wa majini na mboga za majani, ukagandishwa vipande vipande.

Yule anayefuga diskusi kwa kupenda na yule anayefuga kambale kwa kuuza wanakutana ku sheria moja: chakula cha mkubwa hakiwezi kuwa chakula cha mchanga, hata kiwe cha bei kali namna gani. Nyama ile ya moyo ikipewa watoto wa siku tatu itawaua sawa vile provende inavyoua watoto wa kambale. Na kambale hana ute wa kunyonyesha. Akishataga, anaenda zake. Mfugaji ndiye anabaki mama.

Artemia: chakula kizuri chenye masharti

Ku mashamba makubwa ya kuangulia samaki, jibu linalojulikana ni artemia. Ni mdudu mdogo wa maji ya chumvi. Mayai yake yanaweza kukaushwa, kutiwa ndani ya kopo, na kukaa muda mrefu bila kufa. Sehemu kubwa inayouzwa duniani imevunwa kwa miaka mingi ku ziwa la chumvi la Great Salt Lake, nchi ya Marekani.

Kuyaangulia si vigumu. Mfugaji anachukua chupa ya plastiki, anaikata chini na kuigeuza kichwa chini. Anatia maji na chumvi, gramu 25 hadi 30 kwa lita moja. Anaongeza mayai ya artemia, gramu mbili hivi kwa lita, na anapuliza hewa kutoka chini kwa pompi ndogo. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28, baada ya masaa 24 hivi watoto wameanguka. Anazima pompi dakika kumi: maganda yanapanda juu, watoto wenye rangi ya machungwa wanashuka penye mwangaza. Anawatoa kwa kitambaa laini, anawaosha kwa maji ya kawaida, anawapeleka ku basani. Maganda yasiingie, kwa sababu yanaweza kuziba utumbo wa watoto wa samaki.

Masharti yake ni haya. Kopo linatoka mbali na linauzwa kwa dola. Barabara ikifungwa ao mpaka ukisumbua, mayai ya kambale hayangoji. Kopo likishafunguliwa na kuingia unyevu, artemia haianguki tena vizuri. Pompi inaomba umeme usiku na mchana. Tena artemia ni wa chumvi: ndani ya maji matamu anaishi masaa machache tu, halafu anakufa na kuchafua. Kwa hiyo anapewa kidogo kidogo, mara nyingi, bila kupitisha kipimo.

Mfugaji mwenye uwezo anaweza kununua kopo. Yule ambaye hana uwezo asikate tamaa, kwani iko njia nyingine inayotoka ku zizi la ng'ombe.

Viroboto vya maji

Katika madimbwi yasiyokuwa na samaki, hasa yale ambayo ng'ombe wanakanyaga, mtu akichota maji ndani ya glasi na kuyatazama mbele ya jua, ataona vidoti vinavyorukaruka. Vinaitwa viroboto vya maji. Haviume mtu. Aina ndogo inayofaa watoto wa kambale jina lake la kitaalamu ni moina. Mkubwa wake iko na milimita moja hivi, na mtoto wake ni mdogo kuliko nusu milimita, kipimo kinachoingia katika mdomo wa alevini wa siku tatu.

Moina iko na faida tatu. Ni wa maji matamu, kwa hiyo hafi ndani ya basani. Majike wanazaa majike wengine bila kuhitaji dume, wakati maisha ni mazuri, na mtoto anaanza kuzaa baada ya siku chache. Na chakula chake ni vijidudu ambavyo jicho haliwezi kuona, vile vinavyoota ndani ya maji yenye mbolea.

Kumfuga kunaenda hivi.

Kwanza, chombo. Pipa la lita 200 lililokatwa, basani kubwa, ao shimo fupi lililotandikwa hema la plastiki. Pipa lililobeba dawa ya shamba ao mafuta lisitumiwe hata likioshwa. Maji ya mvua ao ya kisima ni mazuri. Maji ya Regideso yalazwe wazi siku moja ao mbili ili dawa yake itoke.

Pili, mbolea. Kwa lita 200, gramu 80 hivi za mavi makavu ya ng'ombe zinatosha, yaani konzi mbili hivi, zikitiwa ndani ya mfuko wa kitambaa na kutundikwa majini kama majani ya chai. Mavi ya kuku ni makali zaidi, kwa hiyo yapunguzwe. Mtu asiyekuwa na ng'ombe anaweza kutumia levire, ile ya kutengenezea mikate, kijiko kidogo kimoja kilichokorogwa katika maji ya vuguvugu. Makosa ya wengi ni kuzidisha. Maji yakinuka kama choo, moina wanakufa wote kwa usiku mmoja.

Tatu, mbegu. Siku inayofuata ndipo moina wanaingizwa, wale waliochotwa dimbwini. Ni lazima wapitishwe kwanza ku chandarua. Chandarua kinazuia watoto wa vyura, watoto wa kereng'ende na wadudu wakubwa, moina wanapita. Kisha wanashikwa ku kitambaa laini kama fulari, wanaoshwa. Wasichotwe penye samaki, kwa sababu wanaweza kuleta minyoo na magonjwa ya samaki hao.

Nne, kungoja na kuvuna. Kwa joto la nyuzi 24 hadi 30, baada ya siku tano hadi kumi maji yanakuwa kama yanachemka kwa wingi wao. Kila siku mfugaji anaweza kuvuna sehemu moja kwa tano, asipite sehemu moja kwa ine. Akichukua zaidi, kizazi kinakatika. Kwa watoto wa samaki wa siku za kwanza anapitisha mavuno ku chujio la chai: wakubwa wanabaki juu na kurudishwa ndani ya pipa, wadogo wanapita na kuoshwa kwa maji safi kabla ya kupewa samaki. Maji ya pipa yenyewe yasimwagwe kamwe ndani ya basani ya watoto.

Tano, kuongeza chakula. Kila siku nne ao tano mbolea inaongezwa, nusu ya ile ya kwanza, ikiwa maji yameanza kuwa meupe. Moina wenye afya wanaonekana wakibeba watoto mgongoni. Wakianza kubeba kitu cheusi kama tandiko la punda, ni mayai ya kujificha: maana yake chakula kimepungua ao maji yamebadilika. Mayai hayo yanaweza kukauka pamoja na matope na kuamka siku yakitiwa majini tena. Mfugaji mwerevu anaweka matope makavu hayo ndani ya kopo, ni benki yake.

Na pipa liwe zaidi ya moja. Mawili ao matatu, yakianzishwa kwa siku tofauti. Moja likianguka, jingine linaendelea.

Mbu na mikono michafu

Chombo cha maji yaliyotulia nyumbani ni kitanda cha mbu. Katika sehemu zetu ambapo malaria inaua watoto, haifai kuokoa watoto wa samaki na kuwagonjesha watoto wa nyumba. Kila pipa la moina lifunikwe kwa chandarua kilichofungwa kamba pembeni. Watoto wa mbu wakionekana ndani, wachujwe siku hiyo hiyo na wapewe samaki wakubwa kidogo, ambao wanawapenda sana. Lakini mtu asifuge mbu kwa makusudi.

Jambo la pili ni mavi. Mavi ya ng'ombe na ya kuku yanabeba magonjwa, na mavi ya mtu hayatumiwi hata siku moja. Uvira na vijiji vya kando ya ziwa vinajua vizuri kipindupindu ni kitu gani. Vyombo vya moina visichanganyike na vyombo vya jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kazi. Watoto wadogo wasitumwe kuvuna peke yao: pipa lenye maji linaweza kumzamisha mtoto.

Chakula cha jikoni kinaingia lini

Kiini cha yai ndicho watu wanakijua zaidi. Yai linachemshwa mpaka kuwa gumu, kiini kinafungwa ndani ya kitambaa laini na kukamuliwa ndani ya kikombe cha maji mpaka maji yawe ya manjano. Yanatiwa matone machache tu. Kinaweza kusaidia siku moja ao mbili pale moina wamechelewa, lakini peke yake hakiwezi kulea watoto. Kinaanguka upesi na kuoza upesi. Anayekitumia ni lazima afyonze uchafu wa chini kwa mpira mdogo na kubadilisha sehemu ya maji mara kadhaa kwa siku.

Kuanzia siku ya nane hivi tangu kuanguliwa, tumbo limeanza kazi. Hapo unga unaweza kuingia, kidogo kidogo: siku ya kwanza konzi ndogo ya unga pamoja na moina wengi, kesho unga unaongezeka na moina wanapungua. Baada ya siku nne ao tano watoto wanakula unga tu. Kubadilisha ghafla kunarudisha vifo.

Unga huo ni gani? Kambale anakula vitu vingi, lakini anapenda sana nyama. Mtoto wake anahitaji chakula ambacho karibu nusu yake ni protini, na akiwa mkubwa wa kidole bado anahitaji asilimia 40 hivi. Pumba za mahindi ao za mchele ziko na asilimia kumi hivi. Anayewapa pumba peke yake asishangae wakibaki wembamba wenye kichwa kikubwa.

Ndakala kavu za Tanganyika, ao sambaza za ziwa Kivu, zikisagwa ziko na asilimia 60 hivi. Hesabu ni nyepesi. Vikombe vitatu vya unga wa ndakala na vikombe viwili vya pumba vinaleta asilimia 40 hivi. Lakini ndakala ni chakula cha watu pia, na bei yake inapanda. Mfugaji anaweza kufanya hivi: vikombe viwili vya ndakala, viwili vya soya, kimoja cha pumba. Anafika karibu mahali pale pale. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi inazuia tumbo kutumia protini. Na ndakala zilizoanikwa ku mchanga zipepetwe na kupigwapigwa kwanza. Nusu kilo ya mchanga ndani ya mfuko ni pesa iliyotupwa na utumbo uliokwaruzwa.

Kwa wale wa milimani ambako ndakala ni ghali, kumbikumbi wa msimu wa mvua wanakaushwa na kusagwa. Minyoo ya udongo inayotolewa ku rundo la mbolea inakatwakatwa na kupewa kambale wa ukubwa wa kidole. Damu ya machinjioni ikichemshwa, ikakauka juani na kusagwa, inaweza kuchukua sehemu ndogo ya unga. Karanga na mashudu yake vinafaa, lakini vilivyoota ukungu vitupwe: ukungu huo uko na sumu inayoharibu ini.

Kila kitu kisagwe laini na kuchujwa. Watoto wa wiki mbili wanahitaji unga kama wa uji wa mtoto. Vipande vinakua pamoja nao.

Wakubwa wanakula wadogo, na baridi inachelewesha

Kuna vifo vingine ambavyo mfugaji haoni maiti zake. Watoto wa kambale wanakulana. Mmoja akipata chakula zaidi anakuwa mrefu kuliko ndugu zake, na kuanzia hapo ndugu zake ndio chakula. Dawa yake ni mbili. Kulisha mara nyingi, kila masaa mawili ao matatu siku za kwanza, hata usiku kama inawezekana, kwa sababu kambale anakula gizani. Basani ifunikwe nusu ili wapate kivuli. Dawa ya pili ni kutenganisha: kila wiki wakubwa wanatolewa na kuwekwa ku basani nyingine.

Baridi nayo iko na neno lake. Ku uwanda, maji ya nyuzi 28 yanaangua mayai kwa siku moja hivi. Ku nyuzi 20, kama usiku wa milimani, inapita siku mbili, na watoto wanakula kidogo na kukua pole pole. Moina pia wanapunguza kuzaa. Mfugaji wa Kabare ao Walungu anaweza kuweka basani na mapipa ndani ya nyumba ndogo ya hema ya plastiki inayoshika joto la jua. Ao anunue alevini waliokwisha kupita wiki nne chini, badala ya kuangulia mwenyewe. Hiyo haiko aibu, ni hesabu.

Chakula kinatangulia samaki

Kosa kubwa ni kuanza kutafuta chakula siku watoto wanapofungua mdomo. Siku hiyo imeshachelewa. Kazi inapangwa kwa kurudi nyuma.

Wiki mbili mbele ya sindano: kuandaa mapipa, kutia mbolea, kuingiza moina. Siku ya sindano: kutazama mapipa. Ikiwa moina ni wachache, sindano iahirishwe. Jike anaweza kungoja wiki moja, watoto hawawezi kungoja siku moja. Siku ya kwanza na ya pili ya kuanguliwa: hakuna chakula, kutoa mayai yaliyokufa tu na kulinda maji. Siku ya tatu hadi ya nane: moina wadogo, ao artemia kwa mwenye uwezo. Siku ya nane hadi ya kumi na mbili: moina na unga pamoja. Baadaye: unga, kutenganisha, na wakifika urefu wa kidole, kwenda ku bwawa.

Aliye na mashaka anaweza kujaribu bila kutumia pesa nyingi. Achukue watoto 200 wa siku moja, awagawe ndani ya basani mbili zinazofanana, mia moja kila moja, ndani ya nyumba moja, na maji yale yale. Wa basani ya kwanza wapewe moina kabla ya unga. Wa basani ya pili wapewe unga ule wa siku zote. Siku ya kumi awahesabu tena, moja moja, kwa kijiko, na kuandika hesabu zote mbili ndani ya kaye. Hesabu hizo zitamwonyesha kama inafaa kutengeneza mapipa mengine mbele ya msimu unaokuja.